Madume Wawili wa Larkcombe

Loveday Chugg ana miaka sitini na miwili, na huku Exmoor, vilimani kusini-magharibi mwa Uingereza, bado tunamwita binti. Ndivyo tulivyo. Mwanamke ni binti mpaka siku tunayombeba kwenda makaburini, na mwuza mafuta ya gari atakuita mpenzi hata kama hakupendi. Loveday ni mpishi wa shule ya msingi. Asubuhi anamenya viazi, mchana anawapakulia watoto, alasiri anasugua masufuria, kisha anarudi nyumbani kwa Clem, mumewe, ambaye mapafu yake yameharibika na siku hizi haondoki kwenye kiti cha dirishani. Magoti yanamuuma akipanda, yanamuuma akishuka. Ukimuuliza hali atakujibu, "Nipo tu, mpenzi." Na kweli, yupo tu.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake. Kabla ya kazi, giza likianza kupungua, alikuwa akipanda kilimani na kamera kutafuta kulungu. Si kwamba saa hiyo mwanga ni mzuri, maana kwetu mwanga mzuri ni bahati nasibu. Ni kwamba saa hiyo hakuna mtu wa kumwomba kitu.

"Kulungu hawaulizi chakula kiko wapi, Hedley," aliniambia. "Wanakuona, wanakimbia, basi. Heshima hiyo siipati popote."

Hedley ni mimi. Niliendesha lori la maziwa mpaka mgongo ukakataa, na sasa naendesha projekta ya chama chetu cha wapiga picha. Tunakutana Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa kijiji, kwa sababu wengi wetu tumekula chumvi nyingi na hatutaki kuendesha gari usiku. Kila mwezi anakuja jaji kutoka mbali, mtu asiyetujua, anasimama mbele ya turubai la kuonyeshea picha na kutuambia picha zetu zina ubaya gani. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mgeni akija, mwenyeji huondoka anaumwa.

Utaratibu ni huu. Naonyesha picha moja moja, jaji anaikosoa kisha anaipa alama. Lakini ikimgusa sana, haipi alama papo hapo. Anasema, "Shikilia hiyo," nami naiweka kando, na mwishoni zile zilizoshikiliwa ndizo zinazogombea ushindi. Kwingine mtu akishikiliwa ni habari ya polisi. Kwetu watu wazima wenye wajukuu hukosa usingizi wakiomba washikiliwe.

Loveday hakuwahi kushikiliwa. Miaka yote ile, hata mara moja. Na si kwamba hakusikia ushauri. Tatizo lake ni kwamba alisikia wote. Aliwahi kuwa na picha ya dume mkubwa akivuka mto, maji yakimfika tumboni. Jaji wa kwanza akasema maji ni mengi mno, punguza chini. Akapunguza. Wa pili akasema huo msitu nyuma unavuta jicho, kata juu. Akakata. Wa tatu hakupenda nafasi tupu mbele ya pua. Ikaondoka. Miezi ikapita, picha ikabaki kichwa na pembe. Akaja jaji mwingine, akaitazama sana akiwa amekunja uso, kisha akauliza, "Lakini huyu mnyama amesimama wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka pia, na Loveday alicheka kuliko sisi. Ila wakati wa kufunga viti nilimwona amekaa peke yake, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri gari ambalo ameshaambiwa haliji.

Septemba hii alinifuata kwenye lango la ukumbi. "Oktoba ndiyo ya mwisho," akasema. "Isiposhikiliwa, nauza lenzi."

"Binti, acha hayo. Mvumilivu hula mbivu."

"Hedley, nimevumilia mpaka mbivu imeoza." Akacheka kidogo. "Nimechoka. Nikiwa kule juu siku hizi siwaoni hata kulungu. Namwona jaji. Dume anainua kichwa, mimi nasikia sauti inaniambia sikio limekatwa, pembe imegusa ukingo, nyuma pana vurugu. Nilikuwa naenda kule kupumzika."

Nilipaswa kumwambia aache mashindano aendelee na kilima. Nilimpa pole tu, nikafunga lango.

Mwishoni mwa Oktoba shule zilifunga kwa wiki moja, na Alhamisi yake alipanda mapema hadi bonde la Larkcombe. Huo ni msimu wa madume wakubwa kunguruma na kuwakusanya majike. Madume vijana, wanaofukuzwa kila wanapokaribia, hukaa wenyewe pembezoni wakipimana nguvu. Si vita. Wanateremsha vichwa, wanakutanisha pembe taratibu kama watu wanaopeana mkono, wanasukumana, wanaachana, wanakula majani kidogo, wanarudiana. Wengi wao wamekua pamoja tangu utotoni.

Aliwakuta wawili chini ya mteremko, kwenye vichaka vya kangaga zilizokauka rangi ya kutu. Pembe zimeshikana, pumzi zao zinafuka, na nyuma yao jua la kwanza linapenya ukungu.  Alilala kifudifudi kwenye matope na magoti yake yale, akaanza kupiga.

Jambo moja lilimuudhi. Kwenye pembe ilikuwa imezongwa kamba ya buluu, ile ya plastiki ya kufungia marobota ya majani makavu, ambayo wakulima wetu huitupa ovyo kila shamba. Kulungu hukwaruza pembe kwenye nyasi wakaibeba. Tumezoea kuwaona hivyo, mwingine anatembea na kamba kichwani kama bibi harusi na shela lake. Loveday aliiona kwenye lenzi na wazo lake la kwanza lilikuwa, buluu hiyo itanimaliza kwa jaji.

Alingoja waachane, huenda ile kamba ikaanguka. Hawakuachana. Alipiga, akangoja, akapiga tena, na hawakuachana, naye akamshukuru Mungu, kwa sababu kwa kawaida mchezo ule huwa mfupi na mpiga picha akipangusa lenzi tu umekwisha. Ilipofika saa ya kumpeleka Clem hospitali akainuka, akajipangusa matope. Alipogeuka kuangalia, bado walikuwa wameshikana.

Jioni ile alikaa kwenye kompyuta, Clem akikohoa chumba cha pili, akaifuta kamba. Alipaka rangi ya kangaga juu yake, kidogo kidogo, na mahali ilipopita juu ya pembe akapaka rangi ya pembe. Sasa, katika mashindano ya viumbe wa porini sheria yetu ni moja na haina mjadala: usiongeze kitu, usiondoe kitu. Loveday aliijua kuliko mtu yeyote. Hakuwahi kuivunja. Safari hii aliivunja kwa sababu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka sana huona kila sheria imewekwa kwa ajili ya waliolala vizuri.

Jumamosi jaji alikuwa Bwana Lionel Thring, kutoka mjini Bristol. Mrefu, viatu vinang'aa, sauti ya kusoma taarifa ya habari. Gwenda, mwenyekiti wetu, alimkaribisha kwa chai na skonzi zenye malai, akamkatia na kipande cha keki ya jamu, kwa imani kwamba jaji aliyeshiba ana huruma. Haikusaidia. Bundi wa Gwenda mwenyewe aliambiwa amekaa katikati kama picha ya pasipoti. Picha yangu ya mbweha aliitazama na kusema, "Mpiga picha alikuwepo. Hilo tunamshukuru." Nilibonyeza kitufe kwenda mbele kabla hajaongeza.

Ndipo ikaja ya Loveday.

Sikuwa nimeiona kwa ukubwa ule. Watu waliacha kutafuna. Madume wawili, ukungu wa dhahabu, kangaga, mvuke wa pumzi, na pembe zimesokotana katikati ya yote.  Bwana Thring alitembea mpaka karibu na turubai, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa.

"Hii," akasema, "ni picha ya mtu anayejua anachotazama."

Nilimtafuta Loveday kwa macho. Alikuwa safu ya nyuma, koti bado limefungwa vifungo, na uso umemwiva. Nakiri nilifurahi kana kwamba amemsifu mbweha wangu.

"Tazameni usafi wake," Bwana Thring aliendelea. "Hakuna kitu cha ziada. Hakuna kinachovuta jicho. Na nguvu hii! Tazameni shingo zilivyonyooka. Tazameni kwato za nyuma zilivyojichimbia. Mnyama huyu wa kushoto karibu anakaa chini kwa juhudi. Angalieni jicho lake, weupe wote umetoka. Miaka yangu yote sijaona kulungu wakipimana nguvu kwa namna hii." Akageuka kwangu. "Shikilia hiyo."

Watu wakapiga makofi, jambo ambalo kwetu halifanywi mpaka mwisho. Si kilemba cha ukoka, mzee yule alimaanisha kila neno. Gwenda alipunga mkono kuelekea nyuma, kwa furaha. Nami nikashika kitufe ili niende picha inayofuata.

"Usiitoe, Hedley," Loveday akasema.

Alikuwa amesimama. Hakuwa anamtazama mtu, alikuwa anaitazama picha yake.

"Wanavuta," akasema.

Gwenda akacheka. "Binti, kaa basi, umeshikiliwa!"

"Hawasukumani, Gwenda. Kulungu akipima nguvu anasukuma. Mgongo unapinda, miguu ya nyuma inakwenda mbele. Wewe umezaliwa hapa, hebu tazama. Hawa wanavuta. Kila mmoja anataka kuondoka."

 Na kweli, ukishaambiwa hivyo, hukuweza tena kuona kitu kingine. Shingo zile zilizosifiwa zilikuwa shingo za mbuzi anayevutwa sokoni. Sote tumekua na kulungu hawa, na hakuna aliyeona, kwa sababu tulikuwa tunatazama picha.

"Lakini wanavutwa na nini?" Bwana Thring akauliza. "Hakuna kitu pale."

"Kilikuwepo," Loveday akasema. "Kamba ya robota. Imewafunga pembe kwa pembe. Niliifuta."



"Uliifuta?" Gwenda akauliza polepole. "Loveday, hili ni kundi la viumbe wa porini."

"Najua ni kundi gani. Nitoeni mashindanoni." Alikuwa ameshaanza kupita katikati ya viti, akigonga magoti ya watu. "Tangu Alhamisi asubuhi. Alhamisi! Nililala pale nikamshukuru Mungu kwamba hawaachani. Hedley, kuna kisu?"

Kisu kilichokuwepo ni kile cha keki. Nikakinyakua na jamu yake. Gwenda akabaki kumpigia simu msimamizi wa kulungu, ambaye hakupokea, kwa sababu Jumamosi alasiri mabondeni kwetu simu haina mtandao, ni mzigo tu mfukoni. Nje, gari la Bwana Thring lilikuwa limeegeshwa nyuma ya magari yetu yote na kuyaziba. Nikamwomba alisogeze.

"Ingieni tu," akasema. "Nyote wawili. Nionyesheni njia."

Loveday alikaa mbele na gambuti zake zenye matope juu ya zulia safi la gari lile. Tukavuka daraja. Kisha Bwana Thring akasema, bila ile sauti ya habari, "Mimi niliisifu ile shingo."

"Uliisifu, ndiyo."

"Ulijuaje?"

"Ulipoitaja. Mimi niliiona Alhamisi kwa macho yangu haya, nikaona picha tu. Wewe ulipotaja miguu, moja moja, ndipo nikaanza kuitazama miguu." Akapangusa dirisha kwa kiganja. "Kwa hiyo asante. Kushoto hapo."

Tuliacha gari kwenye lango la chuma na kushuka kwa miguu. Mwanga ulikuwa unakwenda, mvua ile nyembamba isiyojulikana kama ni mvua ilikuwa imeanza, na Loveday alitangulia akiwa ameshika goti moja kila alipokanyaga. Nilimwambia apumzike. Akaongeza mwendo. Chini ya mteremko kangaga zilikuwa zimelazwa kwa njia pana iliyopinda, kama mtu ameburuta gunia shamba zima, na tuliifuata mpaka kwenye kijito.

Mmoja alikuwa amekufa. Ameshakauka, miguu imenyooka, ubavu mmoja umechubuka kwa kuburutwa. Yule wa pili alikuwa amelala na kichwa chake kimeinamia cha mwenzake, pembe ndani ya pembe, ile buluu imezunguka na kuzunguka na kukazwa mpaka imeingia kwenye ngozi. Tulidhani naye amekwisha. Kisha akatusikia, akainuka kwa magoti, akavuta. Maiti ikasogea kidogo. Akaanguka tena.

"Ee Mungu wangu," Bwana Thring akasema.

Loveday alishavua koti. Ni binti wa mfugaji, ameshika ndama tangu akiwa na meno ya utoto. Akamzungukia kwa nyuma, akamtupia koti kichwani, akajilaza juu ya shingo yake kwa uzito wake wote. "Hedley, kata. Wewe bwana, shika pembe za aliyekufa. Na usiongee."

Akashika. Alipiga magoti kwenye kijito kwa suruali ile ya mjini, akashika. Kisu cha keki si kisu. Nilikereza kamba ile ya plastiki mpaka vidole vikafa ganzi, na kila uzi uliokatika, chini yake kulikuwa na mwingine. Kulungu alikuwa anatetemeka, nilimsikia mpaka kwenye uti wa mgongo wangu. Ilipokatika ya mwisho, pembe bado zilikuwa zimeng'ang'aniana.

"Geuza," Loveday akamwambia Bwana Thring. "Kushoto kidogo. Kidogo tena. Umepitiliza, rudi. Hapo."

Zikaachana kwa mlio mdogo. Loveday akavuta koti na sote watatu tukarudi nyuma, tukajikwaa, tukakaa tulipoangukia. Bwana Thring alikuwa analia waziwazi bila kujificha. Mimi nilijifanya natafuta kisu.

"Alikuwa hai Alhamisi," Loveday akasema, akimtazama aliyekufa. "Wote wawili walikuwa hai. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi. Ningepiga kelele tu, ningemwita mtu mwenye kisu. Nilichofikiria ni buluu." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ile ile ya kusema viazi vimekwisha. "Sina hata nguvu za kujichukia vizuri, Hedley. Nitaanza kesho."

Niliokota koti lake, nikamfunika mabegani. 

Dume alikaa sana pale chini. Kisha akasimama, kwanza nyuma, halafu mbele, miguu imetanuka kama ya ndama wa jana. Hatukusogea. Kilima kizima kilikuwa wazi mbele yake, mwenzake amelala hatua chache, na hakuna tena kitu kilichomshika. Akateremsha kichwa, akachimba kwato za nyuma, akaanza kuondoka kinyumenyume. Hatua, pumziko. Hatua, pumziko. Shingo ameinyoosha vile vile, anavuta, ingawa hapakuwa tena na cha kuvuta.

Bwana Thring akainuka nusu. "Ana nini? Ameumia mgongo? Tumsaidie."

Loveday akamshika mkono na kumketisha.

"Mwache, mpenzi," akasema. "Bado anambeba mwenzake."

Tukabaki tumekaa kwenye kangaga zilizolowa, watu wazima watatu, tukimtazama akipanda mteremko mzima kinyumenyume. Ilichukua muda mrefu mpaka akageuka.